Unachoka na Nini?

Wiki hii tumemfanyia wifi yangu mdogo sendofu, Baba Idi amepokea barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma, na mvua za masika zimetuchelewesha kazini kila asubuhi, lakini kichwani mwangu limebaki swali moja tu, ambalo wifi yangu mkubwa aliniuliza Jumanne jioni tulipokuwa tukichambua mchele uani. Nilipiga mwayo. Akataka kujua kama naumwa, nikamjibu, "Hapana, wifi, nimechoka tu, Idi hakulala." Naye akasema, bila hasira wala kebehi, "Lakini mtoto mwenyewe hata hasemi, wifi. Wewe unachoka na nini?"

Nimelirudia swali hilo nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, nikifunga hesabu za mwezi ofisini, nikimwogesha Idi. Kila ninapolirudia nasikia mkazo alioutia kwenye lile "hata", na kila mara najitungia jibu jipya. Mwanangu Idi ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na anavyohisi sauti na vitu vinavyomgusa, naye hasemi. Wifi amelea watoto watano wenye maneno mengi. Naamini kwake kinachomchosha mzazi ni kelele, na kwa hesabu hiyo mtoto asiyesema ni pumziko.

Mtoto anayesema hukuambia kwamba jino linamuuma, nawe ukatafuta dawa. Idi akianza kupiga kichwa ukutani saa nane usiku, mimi ndiye ninayepaswa kupekua: ni sikio, ni tumbo, ni lebo ya fulana inayomkwaruza shingoni, au ni mvua juu ya mabati, ambayo mimi hunibembeleza na yeye humpiga kama mawe? Napekua huku nimemshika mikono asijiumize, nikijua kwamba saa kumi na moja lazima niwe nimeamka. Mchana nao, hata anapokuwa ametulia akipanga vifuniko vya soda mstari mmoja, sikio langu halitui, kwa sababu ukimya wake unaweza kuwa ni raha, na unaweza kuwa ni geti limeachwa wazi naye ameshafika barabarani. Kumsikiliza mtu asiyesema ni kazi isiyo na saa ya kutoka, wifi yangu, na hicho ndicho ninachochoka nacho.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walichapisha utafiti ambao ndani yake walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitumia kukabiliana na msongo, katika mate ya akina mama wa vijana na watu wazima wenye usonji. Waliikuta iko chini kuliko ya akina mama wengine, hali ambayo huonekana pia kwa watu walioishi na msongo mzito kwa muda mrefu. Uchovu huu, basi, si uvivu wala kukosa shukrani kwa Mungu. Unapimika.

Usiku wa Alhamisi mvua ilirudi kwa nguvu. Mama mkwe, ambaye siku ile uani alisikia yote na hakutia neno, alichukua khanga na mto wake, akaingia chumbani kwa Idi, akaniambia, "Kalale, mwanangu. Leo nitamsikiliza mimi." Nililala hadi adhana ya alfajiri. Nilipotoka nilimkuta sebuleni macho yamemwiva, Idi amelala mapajani pake, naye akaniomba chai ya tangawizi. Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia binti yake, "Lala naye wewe usiku mmoja, kisha ndiyo umuulize mwenzio." Wifi hakujibu. Lakini jioni alinifuata, akauliza Idi akiziba masikio afanyiwe nini, nikamwonyesha namna ya kumkumbatia kwa nguvu kutoka nyuma bila kumsemesha. Tangu hapo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mama anarudi Tanga Jumapili. Mwenye nyumba naye alipita jana, anataka kodi ya miezi sita kabla mwezi huu haujaisha, na fedha nyingi tumeshazitoa kwenye sendofu.