Antena ikae mkiani

Wiki hii yote akili yangu iko kwenye antena moja fupi tu, ya ELT, kile chombo kinachoita msaada chenyewe ndege ikianguka. Kuna ndege ndogo ya injini moja tunaishughulikia hapa Kisauni, Unguja, ELT ya zamani inatolewa inaingia ya 406 megahezi, maana ile ya zamani ni ya 121.5 tu na setilaiti zimeacha kuisikiliza masafa hayo tangu Februari 2009. Sasa mwenye ndege anataka antena ikae juu ya kabini, kwa sababu pale lipo tundu la antena nyengine iliyotolewa zamani, hakuna haja ya kutoboa bati upya, waya utarefushwa tu mpaka nyuma. Mie nimesema hapana, na fundi wetu mkubwa, ambae namwita ami, nae kasema hapana.

Boksi lenyewe la ELT linafungwa mkiani kwa sababu mkia mara nyingi ndio unaobaki pua ikishapondeka. Ukiweka boksi nyuma na antena mbele juu ya vichwa vya abiria, ule waya unapita palepale bodi ya ndege inapopenda kukatika, na ukikatika basi boksi litalia mpaka betri iishe na juu huko hakuna anaesikia. Haya yashatokea, Agosti 2010 kule Alaska ilianguka ndege aliyokuwemo Ted Stevens, aliewahi kuwa seneta, ELT iliwaka lakini ilichomoka kwenye kishikio chake ikaachana na antena, walipona watu wanne na ikawabidi wasubiri usiku kucha mlimani na mvua. Kila nikiusoma mkasa ule nawaza wale wanne.

Na kuna jambo abiria wengi hawalijui, ELT nyingi za 406 zikishastuliwa na mgongano zinangoja kama sekunde 50 ndipo zinatuma ujumbe wa kwanza kwa setilaiti. Sekunde 50! Kwa hiyo antena na waya wake lazima viwe vizima kwa muda wote ule, ndio maana ami anataka viwe sehemu moja na boksi, waya mfupi, na umelegezwa kidogo ili bodi ikijikunja usivutike ukang'oka.

Mengine ni ya kawaida, antena isimame wima, isiwe ubavuni mwa lile pezi la mkia likaiziba, isibanane na antena za redio. Ndege hii yetu ni ya bati kwa hiyo bati lenyewe linaifanyia kazi antena, ingekuwa ya turubai au faiba ingebidi tuipe sahani ya chuma chini yake. Ila kwa hewa yetu hii ya chumvi mie naogopa zaidi pale inapogusana na bati, rangi ikwanguliwe vizuri pajulikane pamegusana kweli, kisha izungushiwe silanti, la sivyo baada ya muda kutu nyeupe inakaa katikati na antena inabaki pambo.

Kinachonikosesha usingizi ni bahari. Unguja mpaka Pemba kwa ndege ni nusu saa hivi na sehemu kubwa ni maji, na ndege yenye bawa juu na magurudumu yasiyokunjwa ikitua majini ni rahisi kupinduka, ikipinduka antena ya mgongoni iko chini ya maji, na mawimbi yale hayapiti kwenye maji ya chumvi. Pua yenye injini ndio inatangulia kuzama, kwa hiyo mkiani bado unaipa antena nafasi kidogo kuliko juu ya kabini, lakini ni kidogo na sitaki kumdanganya mtu. Sisi watu wa visiwani tangu meli ya Spice Islander izame, 2011, tunajua familia zinavyokaa zikingoja habari kutoka baharini.

Kwa hiyo leo nimemuandikia mwenye ndege mambo mawili. Tundu jipya mkiani, na bati la kuongeza nguvu ndani yake, kazi ya siku moja tu. Halafu anunue kile kitumaji kidogo cha 406 cha kuvaa mtu, rubani akae nacho kwenye jaketi la kuokolea, kisibaki kwenye mkoba nyuma ya siti, ili akitoka hai kitoke nae. La tundu kakubali. La pili anasema ataangalia bei, na mie ntampigia tena Jumatatu.