Nipo ya breki ilikuwa inaangalia chini

Leo Jumapili, mgongo hauinuki, kucha nyeusi, na ile harufu ya fluidi ya breki haitoki mikononi hata baada ya kuosha na sabuni ya unga na ndimu. Naandika nikiwa bado nakumbuka vizuri, maana najijua, wiki ijayo nitaanza kusimulia kana kwamba kila kitu kilienda sawa.

Gari lenyewe ni Impreza wagoni ya 1998, GF8, ile ya turbo. Mama tangu aione siku ya kwanza anaiita gari la majeneza. Nimeifanyia mengi, ekzosti, intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa, springi fupi, rimu za inchi 17, yaani kila kitu cha kuikimbiza, ila cha kuisimamisha nikaacha vilevile ilivyotoka Japani, kalipa (zile zinazobana diski) za pistoni mbili upande mmoja na diski za milimita 277. Mtu mwenye akili angeanza na breki. Mi nilianza na ekzosti kwa sababu ekzosti inasikika.

Desemba tulikuwa tunarudi kutoka Iringa, mama amelala kiti cha nyuma na watoto. Kitonga pale mteremkoni malori yanashuka taratibu kwa gia ndogo na mimi nyuma yao, na sikutaka kushuka na gia kwa sababu ile ekzosti ingemwamsha mama, basi nikawa nakanyaga breki tu, nakanyaga, naachia kidogo, nakanyaga tena, kona baada ya kona. Karibu na mwisho wa mteremko pedeli ikazama. Haikuwa ngumu wala nini, ilizama tu kama nimekanyaga andazi. Nikaipampu, ikashika robo, nikaingiza gia ya pili, ekzosti ikalia bonde zima, handbreki mkononi, na mama wala hakuamka. Nikalitambaza mpaka Ruaha Mbuyuni, nikasimama kwenye wauza vitunguu, mdada mmoja akaniangalia na lile gari linanuka akasema pole kaka, ninunulie basi hata ndoo moja. Nikanunua. Cha ajabu nilipomaliza kulipa na kugusa pedeli, breki zilikuwa zimerudi, ngumu kabisa. Hilo nitalirudia.

Kuanzia siku ile kichwani ni kalipa tu. Za Brembo, zile zilizokuja na STi (Impreza ya mbio zaidi) kuanzia miaka ya 2000, nilizitamani, na rimu zangu zingezimeza, ila diski zake ni 326 na bei yake ni ya mtu mwingine. Nikaangukia kwenye 4-pot za Subaru, zile za STi za miaka ya tisini. Pistoni mbili ndani mbili nje, zinabana diski pande zote mbili badala ya kuvuta upande mmoja uufuate mwingine, na diski yake ni 294. Uzuri wake zinaingia kwenye matundu yaleyale ya bolti, huchongi braketi. Nikapata mtumba Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, bei siandiki, hata kwenye shajara kuna mambo hayaandikwi. Juu yake diski mpya, pedi za kampuni nyingine zinazovumilia joto, na hosi za waya badala ya zile za mpira. (Duka lilelile walikuwa wanauza kava za plastiki nyekundu zenye jina kubwa, unabandika juu ya kalipa yako ya kawaida. Nilicheka, afu nikakumbuka sababu moja ya kutaka hizi ni kwamba zinaonekana kupitia rimu. Nikaacha kucheka.)

Jana asubuhi fundi akaja nyumbani. Kutoa zile za zamani haikuchukua hata saa. Nikasugua habu, pale diski inapokaa, kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, maana kutu kidogo tu pale nyuma ya diski mpya na usukani utatetemeka kila ukifunga breki. Lile bati la kuzuia vumbi liligusa diski kubwa, fundi akalikunja kwa nyundo bila huruma. Nilipotoa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nifunge bolti za kalipa kwa 80 akacheka, "Bosi, mkono wangu ndo toki." Nikafunga kwa spana hivyohivyo, yeye akaenda kunywa chai.

Afu ndo ikaja kutoa upepo, yaani ile hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, maana ikibaki pedeli inakuwa laini. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili ndani ya gari, fundi chini na spana na mrija, mimi na chupa ya fluidi. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia. Achia. Chupa ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, pedeli andazi vilevile. Fundi akasema masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, imekufa. Nikamwambia masta ilikuwa nzima jana. Akasema basi hizi kalipa zako ni mbovu, nikaanza kumfikiria yule wa Gerezani vibaya sana. Tukarudia gurudumu la kulia, tukarudia la kushoto, jua likahama mpaka upande wa pili wa nyumba.

Karibu na magharibi dogo akatoka kujinyoosha, ana soda mkononi, akachungulia pale fundi alipolala akauliza, "Anko, hewa si inapanda juu? Mbona mnaitolea chini?"

Kimya. Nipo ya kutolea upepo, kile kichuchu cha kwenye kalipa, ilikuwa inaangalia chini. Pande zote mbili. Kalipa ya kulia tumeifunga kushoto, ya kushoto kulia, na kwa vile zinakaa kwenye bolti bila kulalamika hakuna aliyeshtuka. Siku nzima tulikuwa tunamwaga fluidi nzuri kupitia chini na hewa imekaa zake juu inatuangalia. Fundi akasema, "Nilitaka kukwambia." Hakutaka kuniambia chochote.

Tukafungua vyote upya. Zile washa za shaba za kwenye hosi zilishabanwa na mpya sina, maduka yamefungwa, hapo lakini fundi akanyamazisha kejeli zangu zote: aliziweka juu ya jiko la gesi mpaka zikawa nyekundu, akazidumbukiza kwenye maji, akanipa. Shaba ukiichoma hivyo inalainika tena, inaziba kama mpya. Haikuvuja hata tone. Dogo akakanyaga mara chache, pedeli ikawa jiwe.

Leo alfajiri nikaenda Barabara ya Bagamoyo, kupita Bunju, nizoeshe pedi. Kutoka spidi 80 mpaka 20, bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, afu unaendesha taratibu zipoe. Kila mara pedeli palepale, haizami. Ila nikiwa mkweli, mara ya kwanza kabisa kufunga breki za ghafla sikuona tofauti ya kutisha. Za zamani nazo zilikuwa zinaweza kufunga tairi, na tairi ndo zinashika lami, tairi ni zilezile. Faida ya hizi ni mara ya nane, ya tisa, joto likishapanda.

Na hapo ndo nimekwama tangu saa mbili asubuhi. Fluidi tuliyomwaga jana, ile ya zamani, ilikuwa nyeusi kama kahawa. Gari ninalo miaka sita, sijawahi kuibadilisha, nilikuwa naongeza tu, tena kutoka kwenye chupa ya fundi iliyozibwa na kitambaa. Fluidi inanyonya unyevu wa hewani na hapa Dar unyevu ndo hewa yenyewe. DOT 3, ile fluidi ya kawaida, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedeli inazama, na ikipoa kila kitu kinarudi kama hakijawahi kuumwa. Kama pale kwenye vitunguu.

Kwa hiyo inawezekana kabisa dawa ilikuwa chupa moja ya fluidi mpya. Sitajua, kwa sababu nimebadilisha kalipa, diski, pedi, hosi na kuweka DOT 4 siku moja. Lakini zinapendeza bwana. Nimetoka nje kuziangalia mara tatu tangu nianze kuandika.

Mama kapiga simu mchana. Mwezi ujao kuna harusi Iringa, anauliza lile gari la majeneza breki zimepona? Nimemwambia zimepona. Ila sijamwambia kwamba safari hii Kitonga nashuka na gia ya pili tangu juu, ekzosti ilie inavyotaka, na yeye aamke.