Besi yuko karibu na miguu yako

Wanaoanza kuvua besi kwa chambo bandia kutoka ufukweni karibu wote huniuliza swali moja: nirushe mbali kiasi gani? Jibu langu huwa haliwapendezi. Mimi huwaambia wasirushe kwanza. Simama hatua kadhaa nyuma ya maji, nyamaza, tazama.

Besi ninayemzungumzia ni yule wa Ulaya, Dicentrarchus labrax, anayeishi kuanzia pwani ya Norway, Uingereza, Ireland na Ufaransa, akateremka hadi Moroko na Senegali, na kuingia Mediterania na Bahari Nyeusi. Huyu ni samaki wa kuwinda pembeni. Maji yanapoanza kujaa juu ya miamba na mchanga, naye huja nayo, na mara nyingi hufika pale ambapo maji hayajafika hata magotini. Anafuata kaa wanaotoka mafichoni, kamba, na vijisamaki vinavyobanwa kati ya wimbi na nchi kavu. Mvuvi anayejitosa mpaka kiunoni ili arushe mbali amesimama mahali penyewe pa samaki, na amekwisha kumfukuza.

Alfajiri moja ya Septemba, bahari ikiwa shwari, nilikuwa nimechutama nyuma ya jiwe kubwa nikivuta chambo cha juu ya maji. Kimebaki mbele yangu umbali wa fimbo moja tu, nikaona mgongo wa kijivu umekuja nyuma yake, mapezi yamesimama. Niliendelea kukichezesha palepale, bila kuvuta zaidi. Akageuka mara moja, akakidaka, maji yakanirukia usoni. Angekuja mvuvi amesimama wima juu ya jiwe lile, samaki yule angemwona kabla hajakiona chambo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma maji. Natafuta maji yanayosumbuka: povu linaloosha mwamba na kurudi, mfereji uliochimbika kati ya vilima viwili vya mchanga, mlango wa mto ambapo maji baridi na ya chumvi yanakutana. Chukua jiwe moja tu lililo ndani ya mkondo ulitazame vizuri. Mbele yake maji yanatuna kidogo. Pembeni yanagawanyika na kukimbia, na nyuma yake kuna utulivu. Kati ya maji yanayokimbia na yale yaliyotulia utaona mstari, wakati mwingine umechorwa na povu, wakati mwingine ni tofauti ya mng'ao tu. Besi hukaa kwenye mstari huo, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe. Rusha juu ya mkondo, uache maji yabebe chambo hadi kivuke mstari ule. Kuvuta kwako kuwe kwa kukaza mshipi tu. Chambo kinapoanza kugeuka mwisho wa safari yake, hapo ndipo anapokipiga, na mshtuko wake utausikia mpaka begani.

Maji kujaa na kupwa nayo yana mambo yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia kwa nguvu na kufunika mahali ambapo kwa siku nyingi palikuwa pakavu, na besi huingia humo kwa njaa. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mimi huhamia kwenye rasi na midomo ya mito, ambako hata mkondo mdogo hubanwa ukapata nguvu. Lakini usimwamini mtu anayekupa kanuni moja ya pwani nzima. Kuna mwamba ambao samaki hula maji yanapoanza tu kujaa, na mwingine karibu yake usiotoa kitu mpaka maji yaanze kupwa. Andika kwenye daftari: mahali, hali ya maji, upepo unakotoka, rangi ya maji. Daftari langu limenifaa kuliko chambo chochote nilichowahi kununua.

Rangi ya maji naitilia mkazo kwa sababu wengi huidharau. Maji yenye ukungu kidogo, yaliyopigwa na upepo wa kutoka baharini siku moja au mbili, ni mazuri sana. Maji ya tope baada ya dhoruba, yaliyojaa mwani uliong'oka, rudi nyumbani ukalale. Maji maangavu kabisa na jua kali, njoo usiku.

Vifaa nitavitaja haraka. Fimbo ya mita 2.7 hivi, inayorusha uzito wa gramu 10 hadi 30, yatosha. Rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, iwe ya ukubwa wa kati, mshipi mwembamba wa kusuka, na mbele yake kipande cha nailoni ngumu kama mita moja, kwa kuwa mwamba hukata mshipi wa kusuka upesi. Breki ya rili iwe laini kiasi cha kumwachia samaki akimbie.

Vyambo navyo, aina tatu zinanitosha. Cha juu ya maji, cha kuzama kidogo kisichozidi mita moja, na cha mpira laini chenye ndoano moja iliyofichwa mwilini ili kisinase kwenye mwani. Cha juu ya maji ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Unagonga ncha ya fimbo chini, unalegeza, unagonga, unalegeza, nacho kinayumba kushoto na kulia mithili ya kijisamaki kilichojeruhiwa. Besi akikirukia utasikia mshindo, na mkono utataka kuvuta papo hapo. Usivute! Mara nyingi pigo la kwanza ni la kukizimisha, mdomo haujakifumba. Endelea kukichezesha mpaka uhisi uzito kwenye fimbo, ndipo uinue. Akikikosa, atarudi, mradi chambo hakijamkimbia.

Usiku mambo hugeuka. Naweka mpira mweupe, narusha, kisha nazungusha rili polepole mno, kiasi cha kuhisi mkondo ukikisukuma chambo tu. Besi ana mstari wa fahamu ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji, kwa hiyo giza halimzuii kula. Taa ya kichwani usiielekeze majini hata mara moja. Na usiku au mchana, jua njia yako ya kurudi kabla hujapanda mwamba: maji ya kujaa huanza kuziba nyuma yako wakati wewe unatazama mbele. Jaketi la kuokoa maisha mimi sitoki bila hilo.

Sasa kuhusu kuchukua samaki. Besi hukua polepole. Jike huchukua miaka kadhaa kufikia umri wa kutaga, akiwa na urefu wa karibu sentimita 42, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Hutaga mbali na pwani mwishoni mwa baridi na majira ya kuchipua, kisha wengi hurejea kiangazi baada ya kiangazi kwenye pwani ileile. Hebu fikiria maana yake: ukimaliza wakubwa wa mwamba wako, hakuna kundi lingine linalongoja kuziba pengo. Idadi yao ilishuka vibaya katika maji ya kaskazini, ndiyo sababu mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulipandisha huko kipimo cha chini cha besi anayeruhusiwa kuchukuliwa kutoka sentimita 36 hadi 42. Mwaka 2018 wavuvi wa burudani huko walitakiwa kwa miezi mingi kuwarudisha wote majini. Sheria za idadi na miezi hubadilika, kwa hiyo zisome upya kila msimu. Mimi binafsi jike mkubwa simchukui hata sheria ikiniruhusu, na ningependa wote tufanye hivyo.

Ndoano za matawi matatu zinazokuja na vyambo nimezitoa zote, nikaweka za tawi moja na kubana kwa koleo vijino vyake vinavyozuia ndoano isichomoke. Samaki hutoka upesi, mara nyingi akiwa bado majini. Ukilazimika kumshika, lowesha mikono kwanza ili usimtoe ute unaomkinga, na uangalie kifuniko cha shavu lake: ukingo wake hukata kidole kama kisu, na pezi la kwanza la mgongoni lina miiba migumu inayosimama anapotishwa. Mshike mdomoni kwa kidole gumba, mkono wa pili chini ya tumbo, mpime kwa alama ulizochora kwenye fimbo, umrudishe kichwa kikitazama mkondo.