Miombo imewaka, nami nimesia mbegu

Jumamosi nilitoka Tabora mjini kwa bodaboda, mfuko wa mbegu mapajani. Tulipoiacha lami na kushika njia ya mchanga inayoelekea shambani kwetu, nikamwomba kijana apunguze mwendo. Miombo, miti ya misitu ya kwetu, ilikuwa imeanza kuchipua. Majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama juisi ya rozela, na chini yake nyasi zimekauka, kwingine zimeungua kabisa. Kwetu mvua ilikatika mwanzoni mwa Mei na tangu hapo halijaanguka hata tone, lakini miti inachipua. Nimeshaiona miaka mingi, na bado kila Oktoba moyo unanienda mbio.

Kuisoma alama hii nilifundishwa na mama mkwe. Nilipoolewa nilikuwa mtu wa kusubiri mvua inyeshe ndipo nitafute jembe. Akaniambia, "Mwanangu, mvua ikikukuta na mbegu mkononi umeshachelewa. Ikukute na mche." Miti ikiwa myekundu, kitalu kiwe tayari: hiyo ndiyo kalenda yake, na mimi sijapata nyingine inayoishinda. Miche ya nyanya, nyanya chungu na bilinganya hukaa kitaluni wiki nne hadi tano. Ukisia katikati ya Oktoba, karibu na Novemba 20 unakuwa na mche wenye shina imara, na kwa kawaida wakati huo mvua inakuwa imeanza kunyesha kwa mfululizo. Zile za mwanzo usiziamini. Hunyesha siku mbili tatu, watu wote wakakimbilia mashambani, kisha linawaka jua siku kumi na zaidi. Mbegu iliyokwisha kuota huko nje inakufa. Miche yangu hukaa chini ya kichanja cha nyasi, nainywesha kwa keni asubuhi na jioni, na maji ninayotumia ni ndoo chache tu za kisima.

Udongo wetu ni mchanga. Ukimwaga maji yanazama mara moja, na mbolea inazama nayo. Kwa hiyo kabla ya jembe huwa natafuta kichuguu. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi, mchwa wameutoa chini na kuusaga vizuri, na ukichanganywa na mchanga unashika maji. Mwaka huu tumebeba mikokoteni miwili kutoka kile kilichokufa nyuma ya mwembe. Kwenye kitalu nachanganya debe mbili za udongo wa juu wa msituni, debe moja ya kichuguu na debe moja ya samadi iliyooza. Nasisitiza iliyooza. Samadi yangu ilirundikwa tangu Juni, nikaimwagia maji na kuigeuza kila baada ya wiki tatu, na sasa ni nyeusi, haina harufu, na ukiingiza mkono katikati hausikii joto. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu ambayo utayapalilia hadi Machi.

Matuta ya bustani nimeyapa upana wa mita moja, ili nifike katikati bila kukanyaga. Nimeyainua zaidi ya mwaka jana, kimo cha shubiri moja, kwa sababu Januari maji husimama pale na nyanya hazitaki miguu yake ilowe.

Sasa jambo ambalo kwa watu wa Tabora nitalisema hadi sauti inikauke: msipande nyanya palipolimwa tumbaku. Familia ya mume wangu walilima tumbaku kwa miaka mingi, kama nyumba nyingi za Urambo, Sikonge na huku kwetu. Tulipoiacha, lile shamba lilionekana zuri, limelimwa vizuri, lina mabaki ya mbolea, nami nikapanda pale miche 400 ya nyanya. Kwa wiki sita ilipendeza. Kisha ikaanza kunyauka mchana na kuamka usiku, majani ya chini yakawa njano, matunda yakabaki madogo kama gololi. Nilipong'oa mche mmoja nikakuta mizizi imejaa vifundo, kama shanga zilizofungwa kwenye uzi. Ni minyoo fundo. Wanakaa kwenye udongo, tumbaku huwalisha msimu baada ya msimu, nami nikawaletea chakula kingine. Nililia siku ile, kwa kuwa ada ya mtoto ilikuwa imepangwa kwenye zile nyanya.

Tumbaku, nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, viazi mviringo na hata mnafu ni ukoo mmoja, na magonjwa yao mengi ni ya ukoo. Bamia si ndugu yao lakini naye minyoo hao wanampenda sana. Lile shamba sasa nimelipa karanga, ambazo minyoo wetu hawazifurahii, na bustani nimeihamishia chini, karibu na kisima, ambako tumbaku haijawahi kufika. Kuna na hili la mikono. Tumbaku hubeba kirusi kinachokunja majani ya nyanya na kuyatia mabaka, nacho hakifi hata jani likishakaushwa na kuwa sigara. Kijana anayenisaidia huvuta, kwa hiyo kuna sabuni na ndoo ya maji pembeni ya kitalu, na hagusi mche kabla ya kunawa. Mwanzoni aliona namdharau. Nilimwonyesha picha za ile mizizi na yale majani, tukaelewana.

Mbegu za nyanya nilizonunua ni Tanya, nyanya fupi yenye ganda gumu, inayovumilia kusafirishwa kwenye tenga hadi sokoni. Nimeisia kwenye mistari iliyoachana vidole sita, kina kisichozidi kucha ya kidole gumba, nikafunika kwa udongo laini na nyasi kavu. Mbegu zikianza kuchomoza, nyasi zinaondolewa siku hiyo hiyo jioni, la sivyo mche unarefuka ukitafuta mwanga na shina linakuwa kama uzi. Wiki ya mwisho napunguza maji na kuondoa kichanja kidogo kidogo, miche izoee jua. Majuto yangu mengi ya miaka ya nyuma yalitokana na kuiruka wiki hiyo.

Mchicha, mgagani, kunde na maboga havina haja ya kitalu. Hivyo vitasubiri mvua, na mchicha ndani ya wiki nne uko chunguni. Kunde nazipanda nyingi kuliko tunavyoweza kula, maana majani yake tunayachemsha na kuyaanika yawe nsansa, na nsansa iliyoungwa kwa karanga ndiyo mboga yetu ya Agosti, wakati hakuna jani bichi popote.

Ninachoogopa mwaka huu ni kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Msimu uliopita alitoboa nyanya za jirani zote. Nitakagua majani kila asubuhi, nikiona michirizi myeupe nachuma jani na kulifukia mbali.

Leo ni Alhamisi, siku ya nne tangu nisie. Asubuhi niliinua nyasi upande wa kitalu nilikosia chainizi na figiri, nikakuta zimeshachungulia, vijani viwili viwili, udongo bado umevishika kichwani. Nyasi za upande ule naziondoa leo jioni. Nyanya bado. Kuku wamefungiwa, na nimemwomba mama mkwe aje kesho akitazame kitalu kabla jua halijapanda.