Puma Mmoja Barabarani Hathibitishi Kwamba Puma Wamerudi

Tangu nihamie kaskazini-mashariki mwa Marekani, hakuna habari ya wanyamapori inayonishughulisha kama hii ya puma, paka mkubwa wa mwituni wa bara la Amerika. Wapo wakazi wanaoapa kwamba wamemwona akikatiza shambani jioni, ilhali maofisa wa wanyamapori wanashikilia kwamba puma hawaishi tena katika majimbo haya. Wengi hukata shauri kwamba lazima upande mmoja unasema uongo, nami sikubaliani nao.

Usiku wa manane wa tarehe 11 Juni 2011, puma dume mwenye uzito wa takriban kilo 64 aligongwa na gari akafa katika barabara kuu huko Milford, Connecticut, mojawapo ya majimbo haya ya kaskazini-mashariki. Ilidhaniwa kwamba alikuwa ametoroka kwa mtu aliyemfuga. Hata hivyo, kucha zake hazikuwa zimeng'olewa, hakuwa amehasiwa, na vinasaba vyake vililingana na vya puma wa milima ya Black Hills, katika jimbo la South Dakota lililo mbali huko magharibi. Tena vililingana na vya mnyama aliyeacha alama zake katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin, yaliyo kati ya hapo na huku, mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 2,400, kwa hiyo huenda baadhi ya waliosema wamemwona njiani walisema kweli tupu.

Ila dume mmoja hafanyi kizazi. Madume vijana huhama mbali sana kutafuta eneo na majike, na majike kwa kawaida hubaki karibu na walikozaliwa. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayeniletea habari za puma ni kama yupo aliyeona jike au watoto.

Swali la pili ni kuhusu nyayo. Paka hutembea akiwa amerudisha kucha ndani, hivyo wayo wake kwa kawaida hauonyeshi kucha, na ukingo wa nyuma wa kitako cha wayo una mawimbi matatu. Wayo wa mbwa mara nyingi huonyesha alama za kucha mbele ya vidole. Anayepiga picha bila kuweka rula kando ya wayo ametunyima kipimo, na hilo linanisikitisha, kwani theluji ikiyeyuka ushahidi umekwisha. Mkia nao uangaliwe: wa puma ni mrefu na mnene, wa paka-mwitu wa huku ni kipande kifupi tu. Na anayesimulia puma mweusi ameona mnyama mwingine, kwa maana hajathibitishwa hata mmoja popote.

Machi 2025, maofisa wa Michigan walithibitisha kwa picha kwamba watoto wawili wa puma walionekana katika kaunti ya Ontonagon, jambo lililokuwa halijathibitishwa jimboni humo kwa zaidi ya miaka 100. Huo ni ushahidi wa kuzaliana, na ndio ninaoungojea kutoka huku tunakoishi kabla ya kuandika kwamba puma wamerudi.