RAM haikuwa na kosa: nilivyoiponya kompyuta ya steshenari yangu

Karibu kila niliyemwambia kwamba kompyuta yangu imekuwa nzito alinijibu kabla sijamaliza kueleza: ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mafundi, wateja, hata kijana anayeniletea karatasi. Hakuna aliyeniuliza inakuwa nzito saa ngapi, na swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye ugonjwa wenyewe.

Nina steshenari hapa Morogoro. Kopi, kuprinti, picha za pasipoti, na msimu ukifika, maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na ya vyuo. Mashine yangu ni ya mezani, ya mtumba, ina Windows 10, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka, siyo SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Asubuhi nikiiwasha inafika kwenye ukurasa wa neno la siri bila taabu. Nikishaandika neno la siri ndipo shughuli inaanza. Nafungua Word, naona kiduara kinazunguka tu, mteja ameshika flashi mkononi anaangalia duka la pili. Ikifika saa nne hivi inachangamka yenyewe na kwenda vizuri mpaka jioni. Umeme ukikatika mchana ukarudi, tunaanza upya.

Fundi wa kwanza aliitazama akasema, "Dada, hii imezeeka. Tupige Windows mpya." Kupiga Windows siyo bei, ila nani atanirudishia draiva za printa mbili, fonti za Kiarabu za wateja wangu wa madrasa, na mpangilio wa picha za pasipoti niliouweka mwenyewe? Wa pili alitaka RAM, elfu sabini na kitu. Wa tatu akataka SSD, hapo tulivuka laki. Sibishi kwamba SSD ni nzuri. Lakini kulipa laki bila kuambiwa mashine inafanya nini dakika zile inapoganda, hapana.

Suala la RAM nililimaliza mwenyewe siku hiyohiyo. Mashine ikiwa imeganda kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, inakuonyesha kila programu inatumia nini. Kumbukumbu ilikuwa imetumika karibu nusu. Prosesa inapumua. Diski: asilimia 100, imesimama palepale. Kumbukumbu ikiwa nusu yake haina kazi, ukiongeza nyingine nayo itakaa bure.

Nikaenda sehemu ya Startup, orodha ya programu zinazoamka zenyewe, nikazima kila kitu kilichoandikwa pale, isipokuwa kile cha sauti. Haikubadilika hata kidogo. Watu wengi wanaishia hapo wakiamini wamemaliza orodha, kumbe ile inaonyesha sehemu tu ya vinavyoamka ukiingia. Huduma za Windows zinazofanya kazi chinichini hazimo, na kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler, ile ratiba ya Windows ya kuamsha programu, hazimo. Shikilia hilo.

Hapo akaja fundi mwingine, kijana mwenye maneno mengi, na kwa kweli alikuwa na ushahidi. Alipanga Task Manager kwa safu ya diski, akanionyesha aliye juu kabisa: Antimalware Service Executable, yaani ile antivirasi ya Windows yenyewe. Akaisimamisha. Mashine ikapata nafuu! Siyo nzima, ila nafuu ya kuonekana. "Umeona dada? Mchawi ni huyu. Tumtoe kabisa."

Nilikataa. Dukani kwangu flashi za wanafunzi zinaingia kutwa nzima, kila moja imepita kwenye mashine za mabweni yote. Bila antivirasi, ningekuwa nawagawia wateja wangu virusi pamoja na kopi. Isitoshe, namba ya diski ilikuwa bado juu. Kama mchawi ameondolewa, nani anaendelea kuroga? Nikaiwasha antivirasi, nikamshukuru kijana, nikaanza kutafuta mwenyewe.

Jaribio langu la kwanza halikuhitaji programu yoyote. Kwenye kasha la kompyuta kuna taa ndogo inayowaka diski ikifanya kazi. Niliwasha mashine nikaiacha kwenye ukurasa wa neno la siri, nikaenda kufagia na kupanga madaftari. Nikarudi: taa imetulia, inapepesa mara mojamoja. Nikaandika neno la siri, na baada ya muda mfupi taa ikawaka moja kwa moja bila kuzima. Kwa hiyo Windows ilikuwa imeshaamka salama. Kilichokuwa kinaitesa kilikuwa kinanisubiri mimi niingie.

Jaribio la pili ndilo ninalojivunia zaidi, na ningependa kila fundi alifanye kabla ya kufungua pochi ya mteja. Nilitengeneza akaunti nyingine kwenye kompyuta ileile, nikaipa jina la majaribio tu. Mara ya kwanza inachelewa kwa sababu Windows inaandaa folda zake, kwa hiyo nikaingia, nikatoka, nikawasha upya, nikaingia tena. Word ikafunguka kama kawaida. Diski ikashuka. Mashine ileile, RAM ileile, diski ileile, antivirasi ileile inafanya kazi! Nilipiga makofi peke yangu dukani. Kitu kilichokuwa kinanisumbua kilikuwa kimefungwa kwenye akaunti yangu, na hakuna duka linalouza dawa yake.

Nikarudi kwenye akaunti yangu. Nikaandika resmon kwenye sehemu ya kutafutia, ikafunguka Resource Monitor, nikaingia kwenye Disk. Uzuri wake ni kwamba haikutajii programu peke yake, inakutajia na faili linalosomwa sekunde hiyo. Nikaona majina ya picha yanapita: picha za wateja wangu, folda kwa folda, kuanzia mwaka 2019. Kila faili lilikuwa linatajwa kwa majina mawili. Moja ni antivirasi. La pili ni programu ndogo ambayo sikuwahi kuifungua.

Hapo ndipo nilipoielewa antivirasi. Yenyewe ni kama mlinzi wa geti: mbali na ukaguzi wake wa ratiba, inakagua faili ambalo programu nyingine inalifungua. Ile programu ndogo ikifungua picha elfu, mlinzi anakagua picha elfu, na kwenye orodha jina lake linakuja juu. Yule kijana hakudanganya kuhusu alichokiona. Alimkamata anayekagua mizigo, mwenye mizigo akapita.

Nikarudi kwenye Task Manager, nikabofya kulia jina la programu, nikachagua kuonyesha faili lake liko wapi. Ilinipeleka kwenye mabaki ya programu ya kupangia picha iliyokuja na kamera niliyoanzia biashara. Kamera niliiuza zamani na programu niliiondoa vizuri kupitia Settings, lakini msaidizi wake alibaki, na kazi yake ni kupitia picha zote kila ninapoingia. Diski ya kuzunguka inasoma vizuri faili moja kubwa lililonyooka. Ukiidai maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, sindano yake inaruka huku na huku na kila mwingine anasubiri foleni. Na kwa kuwa kila siku naongeza picha za pasipoti, uzito uliongezeka polepole, mwezi hadi mwezi. Ndiyo maana kila mtu aliona uzee.

Ikabaki kumjua anayemwamsha. Ningeweza kupekua Task Scheduler moja kwa moja, lakini ina vitu vingi vya Windows na ni rahisi kugusa usichokijua. Nilitumia Autoruns, programu ya bure inayoorodhesha vitu vinavyoamka vyenyewe, kutoka Sysinternals. Hawa ni Mark Russinovich na Bryce Cogswell, waliozianza zana hizi mwaka 1996, na Microsoft ikawanunua mwaka 2006, kwa hiyo sasa inapakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe; usiichukue kwingine. Ifungue kama msimamizi, kisha uiambie ifiche vitu vya Microsoft. Orodha inapungua sana. Mistari ya njano ni vitu ambavyo faili lake halipo tena, ya waridi ni ambavyo mchapishaji wake hajulikani. Rangi hizo si hukumu, ni za kukufanya uangalie tu. Wa kwangu alikuwa chini ya Scheduled Tasks, amepangwa kuamka ninapoingia mimi, kwenye akaunti yangu. Niliondoa alama ya tiki mbele yake. Sikufuta. Tiki unaweza kuirudisha. Ukishafuta kitu kilichokuwa na kazi, utakuwa umejitafutia fundi.

Nikawasha upya kwa Restart, siyo Shut down. Windows 10 ikiwa na Fast Startup, ukiizima inahifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha vilevile ukiwasha, kwa hiyo kupima tatizo ni vizuri utumie Restart. Nikaingia. Taa ikawaka kidogo, ikaanza kupepesa. Word ikafunguka. Nikafungua na programu ya picha, na kivinjari juu yake, mfululizo, kwa raha tu.

Baada ya muda, nilipoona hakuna kilicholalamika, nilifuta folda ya yule msaidizi pamoja na kazi yake kwenye Task Scheduler. Picha za zamani za wateja nazo nimezihamishia kwenye diski ya nje, maana sikuwa na sababu ya kutunza nyuso za watu kwenye mashine ya kazi miaka yote hiyo. Vile nilivyozima kwenye Startup nimevirudisha vyote isipokuwa viwili. Yule kijana mwenye maneno mengi alikuja kuchukua kopi, nikamfungulia Resource Monitor akaiangalia kwa makini, akaomba nimwandikie jina la programu hiyo kwenye kikaratasi.