Tabora hadi Kigoma na mtu wa fremu

Tulifika stesheni ya Tabora saa mbili nzima kabla ya treni, na kosa lilikuwa langu. Nilimkimbiza mpwa wangu tangu Isevya, bodaboda mbili zikifuatana, mimi na dumu la asali mapajani, yeye na laptopu kaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Tulipofika tukakuta watu wamelala juu ya marobota yao, hana haraka hata mmoja. Tukatafuta benchi.

"Mjomba," akaniambia (sisi tunaitana mjomba kwa mjomba, mkubwa na mdogo), "umekutana na kanuni ya fremu 21."

Nikamwambia anieleze taratibu, maana fremu ninayoijua mimi ni ile ya kupangisha duka, na kodi yake inalipwa miezi sita kwa mkupuo. Fremu ya kwake ni picha moja kati ya 60 hivi ambazo gemu la zamani linachora kila sekunde. Super Mario Bros. ile ya mwaka 1985, ukimaliza hatua, haikupeleki hatua inayofuata papo hapo. Ina saa yake ya ndani, na saa hiyo hufungua mlango kila baada ya fremu 21, yaani kama theluthi moja ya sekunde. Mlango ukikufungia kwa fremu moja, unasubiri ufunguliwe tena. Na ukiwahi kwa fremu kumi, utatoka pamoja na yule aliyewahi kwa mbili.

"Kama sisi hapa," akasema. "Anayekuja sasa hivi akinunua maji getini, tutaondoka naye."

Niliona aibu kidogo, lakini nikaona pia kitu ambacho yeye alikipita haraka. Kama zipo fremu kumi za bure, basi humo ndani Mario anaweza kuruka, kugeuka, kumkanyaga kobe asiyemhusu, na wala asichelewe. Nikamuuliza kwa nini yeye hafanyi hivyo. Akanyanyua mabega. "Ili iweje?"

Hilo ndilo tulilobishania kilometa 400 hivi, kutoka Unyamwezini hadi ziwani.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, na likizo yake yote ameila kwangu Tabora akitengeneza rekodi za kumaliza gemu kwa muda mfupi kabisa. Nasema akitengeneza, maana hachezi kwa mikono. Anao emuleta kwenye laptopu, yaani programu ya kuiga mashine ya gemu ya zamani, unaosimamisha gemu na kulisogeza fremu moja moja. Kila fremu anaamua kitufe gani kibonyezwe, akiharibu anarudi nyuma. Mwisho wa kazi anabaki na orodha ndefu ya vitufe ambayo gemu likilishwa, linacheza lenyewe bila kukosea. Asubuhi mpaka adhuhuri anaweza kupata sekunde nane. Nilikuwa nikimpelekea chai, narudi kuchukua kikombe, namkuta Mario bado yuko hewani palepale.

Wapo wanaokimbiza kwa mikono, na hao nawaheshimu zaidi. Gemu hilohilo la 1985 mtu aliweza kulimaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55 mwaka 2021, kwa vidole vyake, baada ya miaka ya watu kunyang'anyana vipande vya sekunde. Anayejiita Niftski ndiye aliyevunja ukuta huo. Hapo huhitaji madoido. Mikono ya binadamu inatetemeka, na kutetemeka huko ndiko kunakokufanya ushike roho. Ila orodha ya vitufe haitetemeki. Lazima ikupe kitu kingine, ama sivyo unatazama mashine ikifanya kazi ya mashine.

Treni ilipoingia tulipata viti daraja la tatu, tukiwa tumetazamana na mama mmoja aliyekuwa anarudi Nguruka kwenye biashara yake ya samaki, na mzee mmoja wa kofia ya vito aliyeitikia shikamoo zetu bila kufumbua macho. Vichwa vya treni vikabadilishana kelele zao, tukaanza kusogea. Nje, miembe ya Tabora ikapita mmoja mmoja, halafu giza.

Kabla ya Urambo mpwa wangu akafungua laptopu. Mama akasogea. "Hii si ile ya kaka mwenye masharubu? Wanangu waliicheza sana, ile ya kaseti za njano."

Nikamwomba mjomba aonyeshe ya Morimoto. Akaguna, maana aliijua hoja yangu kabla sijaifungua. Morimoto ni Mjapani aliyetoa rekodi ya Super Mario Bros. 3 mwaka 2003, gemu zima kwa dakika 11 na sekunde chache. Ilisambaa kwenye intaneti, na wengi wakaamini kuna mtu kakaa kwenye kochi na pedi mkononi akacheza vile. Walipogundua imejengwa fremu kwa fremu, wengine walikasirika, wakaita wizi. Mimi sijawahi kuelewa hasira hiyo. Lakini ukishaahidiwa mpishi ukaletewa picha ya pilau, labda nami ningenuna.

Ndani ya gemu hilo kuna hatua ambazo skrini inajiendea yenyewe. Meli za angani, vifaru vya vita vya dunia ya nane. Hata uwe nani, huwezi kuharakisha. Kioo kinasogea kwa mwendo wake na wewe umo ndani, kama abiria. Anayejali saa tu angeweza kumsimamisha Mario mahali salama akangoja. Morimoto hapo ndipo alipomwachia. Mario anakanyaga risasi za mizinga moja baada ya nyingine bila kugusa chini, anavuna maisha ya ziada mfululizo mpaka hesabu inagota 99, anapita mahali ambapo ukucha usingepita.

Mama wa Nguruka alianza kwa kutabasamu. Meli ilipofika alikuwa ameshika mkono wangu, mtu asiyenijua. "Huyo! Huyo! Mwangalie, hatui chini!" Abiria wa viti vya nyuma wakasimama. Kijana mmoja akaanza kutangaza kama mtangazaji wa mpira wa redioni. Mzee alifumbua jicho moja.

Sasa mjomba naye akataka kujibu. Akaweka rekodi mpya ya gemu hilohilo, ya glichi, yaani ya kutumia hitilafu za gemu lenyewe. Mario anafika dunia ya saba, hatua ya kwanza, anafanya mambo fulani ya ajabu na makobe na mabomba, gemu linachanganyikiwa na kukurupuka hadi mwisho. Dakika tatu hivi, jumla. Alieleza vizuri, sitamnyima hilo: mahali pa makobe, yanavyowekwa kwenye kumbukumbu ya mashine, ndipo panapogeuka kuwa amri. Macho yake yaling'aa. Kwangu mimi, aliyekulia kwenye zulia la jirani nikingoja zamu ya pedi, jambo hilo ni kubwa kweli. Kwa mama halikuwa kitu.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Na yule joka hajapigana naye?"

"Hakuna haja, mama. Tumefika mwisho."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba kijana kavunja kitu na mimi ndiye mzazi. "Sasa si angebaki tu nyumbani."

Behewa likacheka. Ndipo mzee wa kofia akaongea kwa mara ya kwanza tangu Tabora. "Goli ni goli," akasema. "Hata la kujifunga. Waulize watu wa Simba na Yanga kama kuna aliyewahi kulirudisha kwa sababu halikuwa tamu." Akafunga macho. Mpwa wangu alimtazama yule mzee kama aliyepata wakili.

Nilijaribu kumletea mfano wa kati. Mwaka 1997 kikundi cha wachezaji wa Quake, gemu la bunduki linalotazamwa kwa macho ya mchezaji, walimaliza gemu zima kwa dakika 19 na sekunde 49, wakashona vipande vya watu tofauti kuwa mbio moja. Kisha hawakuridhika na jicho la mchezaji. Wakaipiga upya kwa kamera zilizokaa pembeni, juu, nyuma ya mlango, ikatazamika kama sinema. Hawakupoteza hata sekunde kwa ajili hiyo, walichoongeza ni kazi. Mjomba akasema hiyo ni sawa kwa sababu haikugusa saa. Nikamuuliza, je, ingegusa? Fremu tano? Hapo akawa mkali.

"Fremu tano ni fremu tano, mjomba. Ukianza kuzigawa, nani atasema basi? Wewe utataka tano, mwingine mia. Rekodi itakuwa maigizo."

Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka leo. Ningezitoa hizo tano, lakini sijui ningesimama wapi.

Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka, tulisimama muda mrefu kupisha treni ya mizigo. Reli ni moja, lazima mmoja amngoje mwenzake. Watu walishuka kununua karanga na mahindi ya kuchoma. Nikamsimulia mpwa wangu gemu la Desert Bus, ambalo lilitengenezwa miaka ya tisini na halikuwahi kuingia sokoni. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas huko Marekani, saa nane za kweli, mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa, hakuna abiria, na basi linavuta kidogo kulia kwa hiyo huwezi kuacha usukani. Ukifika unapewa pointi moja. Ukitoka barabarani ukakwama, unavutwa kurudishwa ulikotoka, nako huko kwa saa za kweli.

"Hilo nalo wanakimbiza?"

"Utakimbizaje? Watu wanalicheza mfululizo kuchangisha pesa za watoto wagonjwa tangu 2007. Wanaimba, wanachekeshana, wanachanga."

Alikaa kimya akitafuna karanga. Nikadhani kalala.

Alfajiri tukaingia Nguruka. Harufu ya samaki ilitutangulia dirishani kabla ya taa. Mama alifunga kanga yake, akanikabidhi kifurushi cha samaki wakavu, nikamjazia chupa ya asali ya Tabora, tukawa hatudaiani. Alishuka, akapiga hatua tatu, akarudi chini ya dirisha letu.

"Wee kijana! Kwani ile ya kwanza, yule binti walimpata?"

Alikuwa amesinzia kabla ya mwisho. Treni ilikuwa inaanza kusogea. Mpwa wangu akatoa kichwa chote nje. "Walimpata, mama!"

Uvinza tulipita jua limepanda, watu wa chumvi na mifuko yao. Kazuramimba sikuiona, nililala. Nilipoamka, michikichi ilikuwa pande zote mbili za reli na mpwa wangu alikuwa ameinamia laptopu, betri asilimia kumi na moja. Nilichungulia. Ilikuwa hatua yake mwenyewe ya vifaru, ile ya skrini kujiendea. Siku zote nilizomuona akiitengeneza, Mario wake alisimama kwenye kona moja salama, amekunja mikono kama mlinzi wa benki. Sasa alikuwa hewani, juu ya risasi ya nne.

"Hizi hazigusi saa," akasema kabla sijauliza.

Ziwa likatokea upande wa kushoto, na stesheni ya Kigoma, lile jengo la Wajerumani waliofikisha reli hapa mwaka 1914. Watu wakashusha marobota, wakashusha baiskeli, wakashusha kuku. Behewa likabaki tupu. Dada yangu alikuwa nje, namuona kabisa, anapunga mkono. Mfagiaji akaingia na ufagio wake akaanzia mwisho wa behewa.

"Mjomba, twende. Mama yako anangoja."

"Dakika tano," akasema, hakuinua uso. "Kuna risasi moja imebaki."